Chui Aliyetazama Chini ya Lenzi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya picha kule Mobeni, Durban, Msimamizi alinipa koti jeupe, akanisimamisha mbele ya matangi ya dawa na kuniuliza, "Unaliamini jicho lako?"

Nilijibu ndiyo. Nilikuwa nimekulia ndani ya studio ya baba yangu huko Bukavu, nikadhani jibu la fundi ni hilo. Alitikisa kichwa.

"Jicho linachoka. Jicho linapenda watu. Hapa tunaamini kipimajoto, sisi."

Alikuwa mama wa Kizulu, mrefu, miwani ikimning'inia shingoni kwa kamba, naye alimwita kila mwanamke "sisi", neno ambalo kwao maana yake ni dada. Wiki za mwanzo nilidhani anasema sisi sote, nikajiona nimekaribishwa haraka sana. Kumbe bado. Kila joto la dawa nililopima, alirudia kulipima nyuma yangu. Kila filamu niliyoikata, aliishika kwenye mwanga kana kwamba anatafuta noti bandia. Kazini tulisema Kiingereza. Maneno yao nayaandika hapa kwa Kiswahili chetu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Ninyi mnaopiga kwa simu mkaiona picha kabla mnyama hajageuka, ni vigumu kuwaeleza ule mngojeo. Mpiga picha wa wanyama alitumia filamu ya slaidi. Slaidi haikutoa karatasi kama picha za harusi. Ilitoa kipande kidogo cha filamu chenye rangi zake kamili, ukakiweka juu ya meza ya mwanga, yaani kioo cheupe chenye taa chini yake, ukakikagua kwa lenzi ndogo ya kukuzia. Kosa halikuwa na dawa. Mwanga ukizidi kidogo, mnyama kapotea. Kwa sababu hiyo wahariri waliiheshimu sana slaidi, wakisema haidanganyi. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipofanya kazi na Mpiga Picha Mkuu.

Wenyewe kwenye maabara tulimwita hivyo kwa sababu hakuna mteja aliyeleta wanyama kama wake. Jina lake lilikuwa Bwana Govender, mjane mwenye nywele nyeupe, mzaliwa wa Durban, akiishi peke yake kule Bluff katika nyumba iliyotazama bandari. Peke yake na mbwa. Mbwa huyo alikuwa wa rangi ya kahawia, miguu mifupi, masikio makubwa kuliko kichwa kilivyohitaji, na aliitwa Biskuti. Kila Bwana Govender alipoleta filamu, Biskuti aliingia naye, akalala chini ya kaunta, na hata Msimamizi asiyeamini mtu alimpa ukoko wa mkate.

Siku moja mzee alisema anatafuta msaidizi: mtu wa kuendesha gari safari ndefu, kubadilisha filamu bila kuichoma na jua, na kukaa kimya. Msimamizi alinitazama juu ya miwani.

"Nenda ukajifunze, sisi. Ila ukiona kitu usichokielewa, usikiseme mpaka umekiona mara mbili."

Sikujua kwa nini alisema hivyo. Sasa nadhani hata yeye alikuwa ameanza kuona.

Nyumbani habari hiyo haikupokelewa vizuri. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa akilinda magari ufukweni, kazi ya kusimama juani ukiwa na shahada ya ualimu mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu:

"Ule mubwana iko na gari. Iko na mbwa. Na sasa iko na bibi yangu siku muzima muzima mu pori. Unataka mi nifikiri nini?"

"Fikiri kazi, Baba Neema. Ataniandikia barua ya kazi. Barua itasaidia karatasi zetu."

Aliposikia karatasi alinyamaza. Kila mkimbizi wa mji ule alijua kunyamaza kwa namna hiyo. Kibali chetu kilikuwa cha muda, kila mara tulirudi kupanga foleni ofisi ya uhamiaji, na barua ya mwajiri ilifanya afisa akutazame kama mtu. Baba Neema alikubali, lakini mashaka hayakumtoka. Kila niliporudi safari alinusa koti langu, akasema eti anatafuta harufu ya simba.

Kazi ya msaidizi ilikuwa hivi. Filamu zilikaa ndani ya sanduku la barafu, kwa sababu joto la Zululand, kaskazini mwa Durban, huharibu rangi. Lenzi ndefu, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, haikushikwa kwa mkono. Ndani ya gari tuliilaza juu ya mfuko wa maharage uliowekwa dirishani, na nje tulitumia stendi ya miguu mitatu. Kila roli ikiisha niliitia kwenye kopo lake na kuandika siku na mahali. Niliendesha kutoka Durban kwenda kaskazini, mashamba ya miwa kulia na kushoto, mzee akisinzia pembeni na Biskuti kichwa chake juu ya gia. Nilimwita mzee "Patron", kama tunavyowaita mabosi kwetu, naye alipenda, akasema linamfanya ajisikie mwenye kiwanda.

Safari ya kwanza nilishangaa tulipolikaribia lango la hifadhi. Kulikuwa na kibao kikubwa, na juu yake mbwa amechorwa akakatwa kwa mstari mwekundu.

"Patron, huyu ataingia vipi?"

"Haingii. Nina rafiki mwenye shamba hapa jirani. Biskuti hukaa kwake."

"Basi tumpeleke."

"Nitampeleka mimi. Wewe shuka hapa. Gari la watalii la hifadhi litakuchukua mpaka kibanda cha ndege. Piga ndege, piga swala. Mimi nitaingia kwa lango la pili."

Nilishuka na kamera ya akiba. Mlinzi wa lango alichukua kibali changu, akakigeuza, akakisoma nyuma na mbele, akanitazama, akakitazama tena.

"Congo," alisema. "Unafanya nini na kamera hapa?"

"Kazi."

"Kazi ya nani?"

Nilipogeuka kumwonyesha Patron, gari lilikuwa limeshaondoka. Mlinzi aliniruhusu, ila alimwambia dereva wa watalii jambo fulani kwa Kizulu, na dereva akawa ananitazama kwenye kioo njia nzima. Nilikaa kibandani, kijumba cha mbao chenye tundu la kutazamia maji, nikapiga korongo na swala. Ilikuwa kazi ya kweli na niliipenda. Jioni Patron alinisubiri nje ya lango. Biskuti alikuwa tayari ndani ya gari.

"Umepata nini?" nilimuuliza.

"Chui."

"Wapi?"

"Mashariki, karibu na mto. Andika hivyo."

Niliandika. Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikamtazama Biskuti. Alikuwa amejikunja chini ya kiti changu, anatetemeka kama mwenye homa. Nilimpa nyama ya mkate wangu, akageuza kichwa. Mbwa yule hakuwahi kukataa chakula.

"Ana nini?"

"Hapendi kuachwa," alisema Patron, akawasha redio.

Safari zikafuatana, na kila mara ilikuwa vile vile: mimi kibandani, mzee "mashariki" au "kusini" au "kwenye miamba", na mbwa akirudi anatetemeka. Mara moja alirudi na mkwaruzo mbichi puani. Miba, alisema Patron.

Lakini filamu nilizisafisha mimi, kule Mobeni. Ninyi vijana mngesema nilikuwa na bahati. Nilikaa peke yangu na meza ya mwanga, nikamkagua yule chui kwa lenzi ya kukuzia, slaidi baada ya slaidi. Alikuwa mzuri ajabu, uso mzima mbele ya kamera, macho ya dhahabu. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo dogo, kama karatasi iliyong'atwa. Nikatoa slaidi za safari iliyotangulia, zilizoandikwa kwa mkono wangu kuwa za upande mwingine wa hifadhi. Pengo lile lile.

Chui anaweza kutembea, nilijiambia. Nikaendelea kutazama. Manyoya ya juu ya pua yalikuwa yamechakaa, kama kitambaa kinachosuguliwa mahali pamoja. Na jambo la tatu, ambalo lilinifanya niinuke nikafunge mlango: hakuwa akiitazama kamera. Mara zote alitazama chini kidogo ya lenzi, upande wa kulia, kimo cha goti. Alikuwa anatazama kitu kifupi kilichokuwa kimekaa chini, miguuni mwa mpiga picha.

Nilikuwa nimekiona mara mbili. Bado sikukisema. Nilikuwa na mtoto, na barua ya kazi ilikuwa na sahihi ya mzee yule.

Muda si mrefu akaja Mhariri wa Picha. Huyu alikuwa kijana nadhifu wa kampuni ya uchapishaji iliyotengeneza kalenda za ofisi za meli, na ofisi yake ilikuwa karibu na bandari, madirisha yakitazama winchi. Kalenda ya mwaka ule ilikuwa ya wanyama wa porini, na chui wa Patron angekaa ukurasa wa mbele. Alikuja maabara kuchukua slaidi, akakaa bila kuulizwa.

"Mzee anawapataje?" alisema. "Nina watu wanaokaa porini mpaka ndevu zinaota, wanarudi na picha ya mkia."

"Ana subira."

"Nawe ulikuwepo?"

"Nilikuwa kibanda cha ndege."

"Kila mara?"

Nilimsogezea slaidi. Alitabasamu, akazifunga slaidi kwenye bahasha, akaenda. Lakini siku ya pili Patron alinipigia simu, sauti yake imebadilika.

"Mhariri alikuuliza nini?"

"Kama una subira."

"Ukasema?"

"Nikasema unayo."

Upande wa pili nikasikia honi ya meli ikipita kwenye simu yake. Tangu siku ile aliacha kuniachia filamu mlangoni. Alizileta mwenyewe, akasimama nyuma yangu mpaka nimalize, kama Msimamizi wa siku za mwanzo. Mimi nilimshuku yeye, yeye alinishuku mimi, Mhariri alitushuku wote wawili, na nyumbani Baba Neema alinusa koti langu. Nilianza kuona kwamba aliyekuwa hana mashaka na mtu ni Biskuti peke yake, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuwa nayo.

Safari ya mwisho haikupangwa iwe hivyo. Patron alikuwa ameanguka kwenye mawe ya Bluff akipiga picha za mawimbi, bega lake likavimba, mkono haukupanda juu ya kifua. Mhariri alikuwa anataka chui mmoja zaidi, akiwa amesimama, na tarehe ya kuchapa ilikaribia. Tulipofika karibu na lango nilipunguza mwendo kama kawaida, nikachukua kamera yangu ya akiba.

"Usishuke," alisema Patron. Alikuwa anatazama mbele. "Siwezi kuinua lenzi. Kata kushoto, kwenye njia ya vumbi."

Tuliingia mashambani. Biskuti, aliyekuwa amelala juu ya gia, aliinua kichwa. Tulipopita mti fulani alianza kulia kwa sauti nyembamba, akashuka chini ya miguu yangu karibu na pedeli, ikabidi nisimame nimtoe.

Mwenye shamba alitufungulia lango lenye mnyororo. Alikuwa mtu mpole, mnene, akanipa mkono na kuniuliza hali ya barabara. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na uzio wa waya mrefu kuliko nyumba, na ndani yake walikuwa wamepanga vizuri kabisa: mwamba, mti mkavu, nyasi ndefu, kijito kidogo cha bomba. Penye kimo cha kifua waya ulikuwa umekatwa tundu la kutosha lenzi. Chini ya tundu, nje ya uzio, kulikuwa na kigingi cha chuma kilichopigwa ardhini, na ardhi kukizunguka ilikuwa imechimbwa na kucha.

Hizo hazikuwa kucha za chui.

"Mfunge hapo," Patron aliniambia. Nilimfunga Biskuti. Alilala kifudifudi, akajikojolea. Niliweka stendi, nikaifunga lenzi, nikapitisha kwenye tundu. Chui alikuwa juu ya mwamba, pengo lake sikioni, amelala ubavu kama paka wa dukani. Alimtazama Biskuti mara moja, akapiga miayo, akageukia upande wa pili.

Tulisubiri. Mwenye shamba alipiga mluzi, akagonga ndoo. Chui hakujali.

"Amemzoea," alisema mwenye shamba. "Anajua mbwa yuko nje. Mwingize ndani, kwa mnyororo mfupi. Ameshiba huyu, nimemlisha asubuhi. Ni sekunde chache tu, tunamtoa."

Nilimtazama Patron. Nilikuwa na hakika atakataa. Alijishika bega, akatazama mwanga, ambao kwa kweli ulikuwa mzuri, wa dhahabu, ukipita kati ya mti na mwamba. Akasema bila kugeuka:

"Espe, mpeleke. Anakufuata wewe."

"Hapana, Patron."

"Sekunde chache."

"Hapana."

"Espe." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Barua yako ya kazi naiandika mimi. Mwezi ujao unarudi uhamiaji."

Akilini nilimwona mwanangu Neema na sare yake ya shule. Nilimwona Baba Neema kwenye foleni, bahasha kifuani. Nikainama nikaifungua kamba ya Biskuti, na mwenye shamba, akidhani nimekubali, akafungua kimlango cha uzio, akanishikia kama mtu anavyomshikia mgeni mlango wa hoteli. Nikampakata mbwa. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani na moyo wake ulinipiga mkononi. Nikageuka nikaelekea kwenye gari.

Nyuma yangu nikasikia nyasi zikicheza. Niligeuza kichwa. Chui alikuwa amesimama juu ya mwamba, mwili mzima umenyooka, mwanga begani, akinitazama nikiondoka na kile alichokuwa ametamani muda wote. Ilikuwa ndiyo picha yenyewe. Nilisubiri kusikia kamera, ile sauti ya kukata haraka haraka. Sikuisikia.

Watu ninaowasimulia hupenda niseme kwamba niliwasha gari nikaondoka. Funguo nilikuwa nazo. Sikuondoka. Nilimweka Biskuti kiti cha nyuma, nikapandisha vioo, nikakaa nyuma ya usukani, nikifikiria maneno nitakayomwambia mume wangu. Baadaye sana Patron alikuja, amejibebea stendi kwa mkono mmoja mzima, miguu yake mitatu ikiburutwa vumbini. Akapanda. Nikaendesha.

Tulisimama Mtubatuba, mji mdogo wa njiani. Pale Patron alishuka akanunua mkate wa nyama, akaumega, akampelekea Biskuti nyuma. Biskuti alimtazama mkono, hakuja. Mzee alibaki ameunyosha ule mkono wa bega bovu, na nilijua unamuuma, mpaka nikaona haya kutazama.

"Alisimama," alisema hatimaye. "Ulipompakata mbwa. Ulimwona?"

"Nilimwona. Ukapiga?"

"Hapana." Aliuweka mkate juu ya kiti cha nyuma. "Miaka yangu yote ndani ya hifadhi, Espe, chui wa kweli nimemwona mara moja. Alivuka barabara. Nilipata mgongo, tena ukungu. Mhariri wa siku zile akauliza, macho yako wapi? Kila mtu anataka macho."

"Na Biskuti?"

Alijifunga mkanda, akaniashiria niendeshe. Tulipokuwa tunakaribia Durban, nikasikia nyuma mkate ukitafunwa.

Nilimweleza Baba Neema yote, tukiwa mezani, Neema akiwa shule. Nilitegemea ataanza na karatasi. Alianza na karatasi.

"Na barua?"

"Sijui. Labda hakuna tena."

Alisugua uso wake kwa viganja vyote viwili. "Eish," alisema. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mi niliogopa mubwana. Kila siku niliogopa mubwana. Kumbe ilikuwa chui!" Alipomaliza kucheka alinishika mkono. "Ungemutia ule mbwa ndani, ningekuuliza mutoto yetu utamutia lini. Tutapanga foleni bila barua. Tulipanga mbele ya kumujua."

Wiki ile ile Mhariri alituita mimi na Patron. Nilijua kitakachoulizwa. Tulikaa mbele ya meza yake, winchi za bandari zikizunguka nyuma ya kichwa chake, Biskuti amelala kati ya viti vyetu. Slaidi za chui zilikuwa zimepangwa kwenye meza ya mwanga. Mhariri aligeukia kwangu, si kwa mzee.

"Mama, nitakuuliza wewe. Huyu ni chui wa porini?"

Msifikirie nilikuwa shujaa. Nikasema, "Muulize mwenyewe. Yuko hapa."

Patron alitazama winchi. Alimtazama mbwa. "Ni wa uzio," alisema. "Wote. Ni mmoja."

Mhariri alisimama. Nilidhani atapiga kelele. Alikwenda akafunga mlango, akarudi.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu," alisema Patron, "na mwenye shamba."

"Basi vizuri." Alivuta karatasi ya maelezo ya kalenda, akakata neno kwa kalamu. "Hapa palisema chui wa porini. Sasa pasema chui wa Afrika. Uzio uko Afrika, au siyo? Hakuna uongo hapo."

Ndipo nilipoelewa kwamba maswali yake yote hayakuwa ya kutafuta ukweli. Alitaka kujua kama kuna mtu atakayesema.

Patron aliinuka polepole. Akaokota slaidi moja moja kutoka kwenye meza ya mwanga, kwa mkono mmoja, akazitia mfuko wa koti.

"Mzee, usifanye hivyo. Hakuna chui, hakuna mkataba."

"Basi hakuna chui," alisema Patron, akapiga ulimi, na Biskuti akamfuata.

Kalenda ilitoka wakati wake. Niliiona imetundikwa kwenye ofisi ya meli. Ukurasa wa mbele ulikuwa na chui wa mpiga picha mwingine, mzuri sana, macho ya dhahabu. Nilisogea karibu mpaka karani akaniuliza kama naweza kusoma. Naye alikuwa anatazama chini kidogo ya lenzi.

Barua ya kazi niliipata. Patron aliniletea mwenyewe Mobeni, imeandikwa vizuri, akaiweka kwenye kaunta akaondoka kabla sijasema asante. Ila safari hatukwenda tena. Nilirudi kwenye matangi ya dawa chini ya Msimamizi, ambaye hakuniuliza lolote, ila aliacha kurudia vipimo vyangu. Baadaye nilifungua studio ndogo mjini, ghorofa ya chini ya jengo lililojaa saluni na maduka ya simu, nikawa napiga picha za paspoti na vibali. Wakongo, Warundi, Watanzania, wote walikaa kwenye kile kiti, wakiogopa kamera kama mimi nilivyomwogopa mlinzi wa lango. Kazi hiyo niliifanya mpaka macho yakakataa, na mwaka nilipofunga studio, filamu ilikuwa imeshasahaulika.

Sasa nakaa nyumbani. Vijana wa kanisani huja na simu zao, Mama Espe tazama huyu simba, tazama huyu tembo. Hukasirika nikiuliza gari lilikuwa wapi, lango alifungua nani, na kitu gani kilimfanya mnyama ainue kichwa. Wanasema nimeharibiwa na kazi. Inawezekana. Mashaka yalinilisha na mashaka yaliniibia mengi. Sijui tena kuona mnyama mzuri nikafurahi tu. Lakini nikiulizwa kama ningependa kurudi kwenye lile jicho la studio ya baba yangu, lililoamini kila kitu, nasema hapana. Jicho lile lingempeleka Biskuti ndani.

Patron nilimwona mara moja zaidi. Studio ilikuwa bado mpya. Aliingia na fimbo, amekonda, na Biskuti nyuma yake, mdomo wa mbwa umekuwa mweupe. Watu kwenye foleni walimpisha kwa sababu ya uzee wake.

"Unapiga na mbwa?" aliuliza.

"Hapa napiga wote, Patron."

"Sina picha yake," alisema. "Nimetafuta nyumba nzima. Filamu zote zile, sina hata moja yake."

Alikaa kwenye kiti cha paspoti, nikampandisha Biskuti mapajani mwake. Niliwasha taa, nikapima mwanga. Mbwa alikuwa anatazama mlangoni, kwa wanawake wa saluni. Patron, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliinua mkono kupiga kidole ili mnyama ageuke. Mkono ukasimama hewani. Akaushusha, akauweka mgongoni mwa mbwa.

"Mwache," alisema. "Atazame anakotaka."

Nilipiga. Nilipoisafisha filamu ile, niliikagua kwa lenzi ya kukuzia, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo, nikitafuta kilichofichwa. Nilichokipata ni manyoya ya mbwa tu kwenye koti la mzee.